Risala ya Mafundi Cherehani Kuhusu Barua Iliyoshonwa Kwenye Mkanda wa Aproni

Mgeni rasmi, mama yetu Mwenyekiti wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, viongozi mliofuatana naye, kocha, wachezaji mliokuja kuzijaribu jezi zenu, majirani mliojibana hapo mlangoni, mabibi na mabwana.

MAKARIBISHO

Karibu sana kwenye karakana yetu. Tumekupa kiti cha fundi mkata kwa sababu ndicho pekee kisichoyumba. Ukifika nyumbani ukakuta nyuzi kwenye sketi yako, usitulaumu, maana hakuna aliyewahi kuingia humu akatoka bila uzi. Hilo vumbi unaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha ni pamba. Tumelizoea kiasi kwamba siku za mapumziko, mashine zikiwa zimefunikwa, tunaona kama hewa haijavaa nguo.

Umekuja kupokea jezi kumi na mbili za msimu mpya. Ziko mezani, zimepigwa pasi, na kila namba imepigwa mshono mara mbili. Tunakushukuru kwa kutupa kazi hii, kwani mngeweza kuipeleka kiwandani na hakuna ambaye angewauliza.

Lakini tusikuzungushe. Risala hii ina ombi moja tu, na anayeombewa hayumo humu ndani. Tumemtuma nje kwa makusudi. Ni mwenzetu, mpiga pasi wetu, na kabla ya pasi alikuwa mchezaji wa kulipwa wa kikapu katika nchi za watu kwa miaka kumi na minne. Sisi tunamwita Futi. Miezi miwili iliyopita aliiandikia timu yako akiomba afanyiwe majaribio. Wewe ukamjibu kwa barua kwamba haiwezekani. Barua hiyo hajaipokea mpaka leo, kwa sababu tunayo sisi.

Tunaomba utuvumilie tueleze ilivyokuwa.

HISTORIA

Karakana ilianza na mashine tatu na pasi ya mkaa. Leo tuna mashine kumi na moja, na pasi ya umeme inayorusha cheche ikichoka. Miongoni mwa waanzilishi yuko mama mmoja ambaye tangu siku ya kwanza kazi yake ni matundu ya vifungo, kwa mkono, na hakuna mashine iliyomweza. Tunamwita Mama Vifungo. Yule pale, safu ya pili, mwenye aproni ya bluu. Ameomba asisimamishwe wakati wa utambulisho, na sababu yake mtaijua.

Futi ni binti yake wa pekee. Alikulia chini ya meza ya kukatia, akiokota pini na kuzipanga kwa urefu. Alipofika miaka kumi na moja kichwa chake kikaanza kugonga meza. Sare ya shule tuliyomshonea mwezi wa kwanza tuliishusha upindo mwezi wa tatu, na mwezi wa sita hapakuwa na upindo wa kushusha. Ndipo fundi mkata, ambaye mdomo wake haujui likizo, akamwita Futi, kwa ile futikamba tunayopimia wateja. Jina likamkaa.

Siku moja mwalimu wa michezo wa shule ya jirani alikuja kupunguza suruali, akamwona.

"Huyu mtoto mnamfanyisha nini humu ndani?"

"Anaokota pini," tukamjibu.

"Jamani! Mfungieni goli la kikapu hapo uani."

Akachukua chaki ya fundi mkata, akatuandikia ukutani: mita tatu na sentimita tano kutoka chini.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo hatujalijutia mpaka kesho. Jirani yetu mchomeleaji alikunja nondo ikawa duara, nasi tukasema kupima tutapima wenyewe. Apime nani kama si mafundi? Futikamba ina mita moja na nusu, kwa hiyo ilibidi tupime mara mbili na kuunga. Sasa, mgeni rasmi, fundi hawezi kuunga vipande viwili bila kuacha akiba ya mshono, yaani ile ziada ndogo inayoliwa na uzi. Tukaacha akiba pale katikati. Chini tukaacha ya upindo. Juu, fundi mkata akaacha ya kola. Mafundi tisa tulikuwa tumesimama pale tukitazama, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ukuta una kola gani. Goli likakaa juu kuliko sheria kwa kiganja kizima.

Futi alilirushia goli hilo mpira kwa miaka mitatu, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya kuokota pini. Kisha mwalimu akampeleka kwenye ukumbi wa kweli. Mipira yake yote ikapita juu ya ubao, mmoja baada ya mwingine, hadi watu wakaanza kuihesabu kwa sauti. Alirudi analia. Kesho yake mwalimu akaja na futi yake ya chuma, akapanda ngazi, akapima, akashuka taratibu.

"Nani alipima hili goli?"

"Mimi," akasema fundi mkata, kifua mbele.

"Limezidi."

"Sasa mwalimu, lingepungua ungefurahi?"

Mwalimu alitaka lishushwe siku ileile. Futi akakataa. Akasema kule ukumbini atajifunza kupunguza, lakini hili aachiwe hivi hivi. Na kweli alijifunza, ila mkono haukusahau. Wote waliomwona wanasema mpira wake ulipanda kuliko wa wenzake, ukakaa kule juu kidogo kama mtu anayetazama mtaa kutoka dirishani, halafu ukashuka wima katikati ya wavu. Kwa mtupo huo timu ya ng'ambo ilimchukua akiwa na miaka ishirini na mmoja.

MAFANIKIO

Tunajua sehemu hii hujazwa takwimu. Takwimu zetu sisi ni za nguo.

Mgeni rasmi, hatujawahi kumwona Futi akicheza mechi hata moja. Mechi za wanawake wa kule hazikuonyeshwa kwenye televisheni za huku, na safari yenyewe ilikuwa ndefu kuliko uwezo wetu. Lakini jezi za kiwandani zilikuwa zikimbana kwapani. Kwa hiyo kila mwanzo wa msimu alituletea jezi zake kwa kifurushi, tukazipanua, tukazikunja kwa mkunjo wetu na kumrudishia. Mwisho wa msimu zilikuja tena, kushonwa zilipochanika. Klabu zake zilicheka mwanzoni, kisha zikazoea. Klabu tano, miaka kumi na minne, na zote zimepita juu ya meza hii iliyobeba jezi zenu.

Msimu wa kwanza ilikuwa jezi ya kijani, imechanika begani. Mama Vifungo aliingiza kidole kwenye tundu, akasema, "Walimshika hapa. Wakashindwa." Msimu wa tatu bukta ilikuja imelika upande wa kulia, tukajua ndiko anakoangukia, tukamwekea kitambaa cha ndani upande huo bila kumwambia. Msimu wa sita, kwenye kifua cha jezi, palikuwa na kiraka kidogo chenye herufi ya nahodha. Kiraka kile kilizunguka mashine zote kumi na moja, mkono kwa mkono, na siku hiyo wateja walisubiri.

Wateja wetu wamesubiri mengi. Tuna desturi hapa kwamba saa ya mechi ya Futi mkasi haugusi kitambaa. Hatukumbuki nani aliianzisha. Bwana harusi mmoja alikaa kwenye benchi lile akiwa amevaa koti na taulo, suruali yake iko mezani inangoja kupunguzwa, na mechi ikaingia muda wa nyongeza. Akauliza kwa upole, "Hiyo mechi inaisha lini?" Fundi mkata akamwambia, "Muombee dua ashinde, nawe utaoa." Akamuombea. Alioa akiwa amechelewa kidogo, na mpaka leo huja kuuliza matokeo.

Mechi ikiisha, simu ililia. Mama Vifungo alisimama katikati ya karakana na kuweka mkono mmoja hewani, nasi tukanyamaza.

"Nimefunga kumi na tatu, mama."

"Kafunga ishirini!" Mama Vifungo anatutangazia.

Waliokaa karibu naye waliisikia simu vizuri. Hakuna aliyesahihisha. Fundi mkata alikuwa akiinama tu na kusema chinichini, "Akiba ya mshono."

Na sasa tukueleze jambo ambalo hatujawahi kumweleza mtu wa nje. Mashine hizi zote zikikimbia kwa pamoja, ukifumba macho, unasikia ukumbi uliojaa watu. Tuligundua hilo mwaka ule wa kwanza. Mtu mmoja akipunguza mguu, wa pili naye anapunguza, mpaka zote zinanyamaza mara moja, na ukimya unaofuata ni ule wa mpira ukiwa hewani. Tumekaa kwenye viti hivi tukasafiri hadi miji ya baridi ambako pumzi ya mtu huonekana. Tumeisikia sakafu ya mbao ikilia chini ya raba zake. Mwanga unaingia kwa dirisha lile, pamba inaelea, mikono inashona suruali ya mtu, na sisi hatupo. Kila mmoja wetu kwa wakati wake ameuota mpira wa Futi ukipanda. Tumeulizana, na hakuna aliyewahi kuuota ukishuka.

CHANGAMOTO

Msimu wa kumi na mbili goti la kushoto liligeuka. Akapasuliwa. Akatuambia kwa simu kwamba ni jambo dogo, na msimu uliofuata akatuletea jezi kama kawaida. Tukazipanua, tukazikunja, tukazituma.

Msimu ukikaribia kwisha zikarudi. Mama Vifungo alifungua kifurushi mbele yetu sote. Jezi zilikuwa na mkunjo wetu uleule. Hazikuwa zimefunguliwa. Tuliutambua kwa jinsi fundi wa kola anavyorudisha mkono wa kulia juu ya wa kushoto, hakuna mwingine duniani anayekunja hivyo. Mama Vifungo akazigeuza, akatafuta palipochanika, hakupata. Akasema, "Mwaka huu amekuwa mwangalifu," akazirudisha kwenye mfuko.

Jumapili ile simu ikalia.

"Nimecheza vizuri, mama. Nimefunga kumi na moja."

"Kafunga kumi na nane!" akatutangazia, na mkono wake ulikuwa hewani vilevile. Nasi tukapiga makofi. Ilitokea hivyo kwa misimu miwili. Tunakiri kwamba tulilia, lakini kila mtu kwa wakati wake, ili kazi isisimame.

Miezi kumi iliyopita alirudi nyumbani. Akaomba ashike pasi, akisema goti linataka kazi ya kusimama. Anapiga pasi vizuri sana. Daktari wa viungo amelichunguza goti na kusema limepona, ila tu lina umri wa mwenye nalo, yaani miaka thelathini na sita. Kila jioni, kazi ikiisha, Futi huvuka barabara na kukimbia ngazi za jengo la mbele, ghorofa nne, mara kumi kupanda na kushuka. Tunakunja vitambaa taratibu ili tumsikie.

Alipoandika kuomba majaribio hakumficha mtu. Alitusomea barua yake hapa, akauliza kama "kwa heshima na taadhima" imezidi. Tukamwambia aache hivyo hivyo.

Jibu lililetwa na mtu wa ofisi yako, Futi akiwa benki. Mama Vifungo akalipokea na kulifungua. Lilikuwa na mistari sita. Lilisema timu inajengwa kwa vijana, na linamtakia kila la heri katika shughuli zake nyingine. Mgeni rasmi, hatuna kinyongo na barua hiyo. Imeandikwa kwa adabu na sahihi yako ni nzuri. Ila tulizitafuta hizo shughuli nyingine, tukakuta ni pasi.

Mama Vifungo alisema, "Nitampa Ijumaa, akishapumzika." Akaikunja mara nne, akafumua mkanda wa aproni yake, akaishona ndani kwa mshono wa mkono. Ijumaa ikapita. Zimepita Ijumaa sita. Akitembea tunaisikia karatasi ikikwaruza, na ndiyo maana ameomba asisimame mbele ya wageni.

Kila jioni Futi anauliza, "Hakuna kilichokuja, mama?"

"Bado, mwanangu. Unazijua ofisi za watu."

Kwa hili tunaomba radhi rasmi. Ofisi yako imesingiziwa uvivu ndani ya chumba hiki kila siku ya kazi kwa wiki sita, nasi tulikuwa tukiitikia.

MAOMBI

Hatuombi Futi apewe nafasi kwenye timu. Anayegawa nafasi ni kocha, na sisi kazi ya kocha hatuijui. Tunaomba aonwe. Nusu saa tu, siku yoyote ya mazoezi, pamoja na hawa mabinti waliokaa hapa, kwenye sakafu ya mbao. Akishindwa, ashindwe kwa mikono yake, si kwa karatasi.

Tunaomba pia mama yake aruhusiwe kukaa ndani ya ukumbi siku hiyo. Ana miaka sabini na mmoja. Ametangaza mechi zaidi ya mia tatu katika chumba hiki na hajaona hata moja.

Mgeni rasmi, risala yetu ilikuwa iishie hapo. Hii aya inayofuata imeandikwa kwa kalamu kwa sababu tumeiongeza leo asubuhi.

Tulipokuwa tukipanga viti, fundi mkata aliuliza swali moja: "Hivi aproni zetu hupigwa pasi na nani?"

Tukatazamana. Aproni zote za karakana hufuliwa Ijumaa na kupigwa pasi Jumamosi, na anayezipiga pasi ni Futi. Siku ya kufua Mama Vifungo huitoa barua, na aproni ikikauka huirudisha ndani ya mkanda na kuushona tena, asije akaisahau mahali. Katika wiki hizo zote hakuna aliyefikiria mkono unaofuata. Tukamwomba avue aproni, tukaipeleka dirishani. Mkanda wote umenyooshwa vizuri, mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sehemu moja yenye upana wa barua. Pale pasi haikupita. Imezungushwa kwa uangalifu, pande zote nne, ili joto lisiiguse karatasi.

Anajua. Amejua kwa muda gani hatuwezi kusema. Na bado kila jioni anamuuliza mama yake kama kuna kilichokuja, ili mama apate la kujibu. Halafu anavuka barabara na kukimbia ngazi. Hata leo, tulipomwambia aende sokoni akatuletee zipu, aliitazama meza yenye jezi kumi na mbili zisizo na zipu hata moja, akatutazama sisi, akasema, "Sawa. Za rangi gani?"

Tumeshindwa kujizuia tangu asubuhi. Mkiona macho yetu yamevimba si pamba.

Kwa hiyo tunabadilisha ombi letu hapa hapa mbele yako. Mama Vifungo sasa atasimama. Kifumulio kiko mfukoni mwake. Atafumua mkanda na kuiweka barua mkononi mwako, kwa sababu wewe ndiye uliyeiandika na sisi tumeshindwa kuifikisha. Tunaomba jibu lako, liwe ndiyo au liwe hapana, umpe Futi mwenyewe, kwa mdomo, mama yake akiwa amekaa palepale. Watu hawa wawili wamefichana vya kutosha.

HITIMISHO

Tunakutakia uzima, magoti yasiyouma na msimu wenye ushindi mwingi kuliko tutakaoutangaza sisi. Mwenyezi Mungu aibariki timu, ambariki na kila atakayeivaa jezi tuliyoishona.

Tumempa Futi muda wa kutosha wa kwenda na kurudi, na muda huo umekwisha. Mlango wetu ni mfupi, mgeni rasmi. Atakayeingia akiinamisha kichwa ndiye.

Ni sisi, Kikundi cha Mafundi Cherehani wa Ghorofa ya Chini.